Tatuaji ya kujifanyia nyumbani: mbele ya kushika sindano, soma kwanza

Mchoraji_Katindo

Jambo kwenu bote. Nafungua uzi hii juu wiki hii tu bavijana batatu bameniandikia inboksi swali moja: "yaya, tatuaji naweza kujifanyia miye mwenyewe nyumbani namna gani?" Wa tatu alituma na foto. Ameshaanza. Sindano ya kushonea, wino ya biki, herufi mbili juu ya paja, na pembeni ya goti kuko kopo ya nyanya yenye maji yameshakuwa bluu. Ile kopo niliiangalia sana kuliko herufi.

Siko polisi wa mutu na siko mama yenu. Kama unaweza kungoja ukusanye franga uende kwa mutu wa hiyo kazi, mwenye anafungua sindano mupya mbele ya macho yako, ngoja, ngozi haiendi fasi. Lakini najua Goma, mutu akishaamua saa tano ya usiku, kuran imeenda, buji inawaka, hakuna wa kumuzuia. Njo maana naandika.

Nianze na yangu. 2013, Majengo, chumba ya rafiki, tuko bane, sindano moja. Moja! Tunaipitisha kwenye moto ya buji, inakuwa nyeusi, tunapangusa na tishu, tunasema imesafika, mwengine anashika. Kisha siku tatu mukono wangu ulivimba mpaka saa ikakataa kufunga, na nyama ya pembeni ya wino ilikuwa moto kama chapati imetoka kwenye kikaango sasa hivi. Mama alinikokota kwenye kituo cha afya. Yule muganga hakuniuliza nani alikuchora, hakuniuliza ile nyota inamaanisha nini. Aliuliza tu: "Sindano mulikuwa bangapi?" Nikamwambia. Akaweka biki chini. Bote bane tulipimwa sida (ukimwi) na epatiti (ugonjwa ya ini) ile juma, na tukaambiwa turudi kisha miezi mitatu juu kipimo ya mapema inaweza kukosa kuona. Ile miezi mitatu sitaki hata kuieleza, na rafiki mumoja alikuwa ameshapeleka posa. Tulitoka bazima. Nyota ilitoka kovu, mpaka leo batu banauliza kama niliunguzwa na pasi.

Sasa ile moto ya buji. Inaacha masizi juu ya sindano, na ayo masizi unayaingiza kwenye ngozi pamoja na kila kitu kingine. Maji ya kuchemsha je? Goma tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye digri 95 hivi, hata 100 hayafiki. Mashini ya hospitali ya kusafisha vyombo inatumia mvuke ya digri 121 chini ya presha, dakika 15 na zaidi, na chombo kiko ndani ya pakiti yake. Sufuria ya mama haiwezi hiyo kazi. Na virusi ya epatiti B inaweza kukaa nzima juu ya kitu kimekauka kwa siku 7. Siku saba! Damu huoni, sindano inangaa, na kumbe bado iko pale. Donki sindano haisafishwi, inatupwa. Mutu mumoja, sindano moja, siku moja, kisha chupa ya plastiki ngumu, funga kifuniko na skochi, peleka kituo cha afya bakuchomee. Usitupe kwenye jalala, batoto banachezeaka pale.

Lushois_wa_Katuba

Mi niko Lubumbashi. Huku kwetu batoto beko nachoma pine ya motokari, beko nakamata ile masizi, nachanganya na shampoo, njo wino. Mi mwenyewe niko na moja ku kifua tangu 1998, ilikuwa kapanga. Sasa imekuwa bluu-bluu imepanuka, hata mi siyui tena kama ilikuwa kapanga ao samaki. Lakini sikugonjwaka. Kwa nini munaogopeshaka batu hivi?

Mchoraji_Katindo

Mukubwa, nimecheka na nimekuheshimu, samaki wa kifua si mchezo. Kutogonjwa ni bahati, na bahati yako siwezi kumupa mudogo yangu. Sikiliza kitu kimoja nilichosomaka kikanikaa kichwani. 2018 batafiti ba Marseille, Ufaransa, balionyesha, kwenye panya, namna wino inakaaga ndani ya ngozi. Si kama rangi juu ya ukuta. Kuko seli za ulinzi za mwili zinameza ile wino, zinakaa nayo, zikikufa zinaiachilia, zingine zinakuja kuimeza tena. Donki tatuaji yako ni vita haijaishaka, kila siku kuko askari anashika ule muzigo. Na ingine inasafiri mpaka kwenye tezi za kwapa. Ulaya tangu Januari 2022 bameweka mipaka ku kemikali zaidi ya 4,000 ndani ya wino za tatuaji, zenye zinatoka kwenye viwanda. Sasa masizi ya pine na shampoo nani ameipima? Na wino ya biki, sawasawa. Ilitengenezwa kwa karatasi.

Nunua wino nyeusi ya tatuaji, chupa imefungwa, ina tarehe. Nyekundu acha kwanza, njo rangi inaletaka aleji sana kuliko zingine. Mimina tone kazaa kwenye kifuniko safi, na yenye imebaki mwishoni tupa, usirudishe kwenye chupa hata kama roho inauma.

mtu_wa_Kadutu

Kaka, mimi Bukavu. Wino ikiwa nzito sana naweza kuongeza maji kidogo? Maji yetu ni ya robine si ya ziwa.

Mchoraji_Katindo

Apana apana apana. Ni vizuri umeuliza. Mwisho wa 2011, Rochester, kule jimbo la New York, Marekani, batu 19 balipata ugonjwa wa ngozi, vipele vyekundu ndani ya tatuaji zao, na balichorwa na mutu wa kazi, ganti mupya, sindano mupya, kila kitu sawa. Balipofuatilia bakakuta ni wino ya kijivu, yenye kiwanda kilishaichanganya tayari, ilikuwa na kabakteria ka jamaa ya kifua kikuu kenye kanapendaka kuishi ndani ya maji. Ilitokea na chupa imefungwa. Batu walikunywa dawa miezi na miezi. Kama kiwanda cha Marekani kimekosea na maji, wewe na bido ya chukudu utafanya nini? Robine ya Bukavu ni ileile, maji ya kunywa na maji ya kuingiza chini ya ngozi si ndugu. Wino ikiwa nzito, tikisa chupa. Ikikataa, ni ya zamani.

Na ile kopo ya nyanya niliyoanza nayo, njo hiyo. Mwenye kopo, najua uko unasoma.

mudogo_Ndosho

ni mimi yaya 😅 lakini nilisafisha kopo na omo

Mchoraji_Katindo

Najua ni wewe. Leo hutagusa sindano, utafanya zoezi. Bote mufanye, hata mwenye anaona anajua.

Kamata unga ya fufu, vijiko mbili kwenye sahani. Kamata chungwa ao ndizi mbichi, njo "ngozi" yako. Panga kila kitu kama vile unaenda kuchora kweli, meza, taa, wino, tishu, telefone yenye foto ya muchoro. Vaa ganti. Kisha chovya vidole viwili ndani ya unga, juu ile unga njo damu. Sasa chora chungwa dakika 20 na ka-mti ka meno, na kila ukipangusa chungwa, chovya tena. Ukimaliza simama, washa taa kubwa, tafuta unga iko wapi.

Mara yangu ya kwanza nilifanya mbele ya yule mukubwa alinifundisha kazi ngambo, Gisenyi. Nilijiona musafi sana. Unga ilikuwa juu ya telefone, juu ya kifuniko cha wino, kwenye mukono wa kiti, juu ya pua yangu juu pua inawashaga wakati mbaya, na kwenye kitasa ya mulango juu nilitoka kumufungulia mutu. Yule muzee hakusema kitu, alishika tu kile kitasa akanionyesha kiganja chake.

Sindano mupya kila mutu anaweza kununua. Ule mukono njo kazi yenyewe. Ukishagusa damu, mukono wako hauna tena ruhusa ya kugusa kitu kingine, ukitaka telefone unavua ganti, unanawa, na ukirudi unavaa mupya. Telefone iweke mbali, muchoro chapa kwenye karatasi. Taa, chupa ya sabuni, ile ya kupulizia, funga vyote ndani ya plastiki mbele ya kuanza, ukimaliza unatupa plastiki. Siye ba Goma kunawa mikono si siye tutafundishwa, tangu Ebola ya 2019 kila duka lilikuwa na ndoo na klori, hata kuingia kununua mukate unanawa kwanza. Ile tabia irudishe.

mtu_wa_Kadutu

Hii ya unga nitafanya na wife leo usiku 😂 sasa tuambie kuchora kwenyewe basi.

Mchoraji_Katindo

Naenda haraka kwenye yenye ni rahisi. Ogesha fasi na sabuni, nyoa na wembe mupya ata kama huoni nywele, pangusa na alkoli ya 70. Si ya 95, batu banafikiriaka yenye kali njo inaua zaidi, kumbe inakauka haraka na inagandisha vijidudu juu-juu tu, ile maji kidogo ndani ya 70 njo inaisaidia kuingia. Acha ikauke. Muchoro hamisha na karatasi ya karboni ya tatuaji, acha robo saa ikauke vizuri, kama si vile utaifuta na mupanguso wa kwanza.

Sindano ni ile ya tatuaji ndani ya pakiti yake, imeandikwa 3RL ao 5RL, namba inaonyesha ni sindano ngapi zimefungwa pamoja duara, kwa mustari. Angalia tarehe, angalia kama pakiti haijatobolewa. Ile ya seringi ya farmasi iko na tundu katikati, inakata ngozi na haibebi wino vizuri. Ya kushonea, uzi yenye munafungaka pale ncha inakunywa damu kama utambi. Mashini za bei ndogo za intaneti, kwa mutu wa kwanza acha, zinakimbia kuliko mukono wako.

Fasi: paja, juu ya goti, fasi unafikia na mikono miwili. Juu mukono mumoja unachoma na mwengine unavuta ngozi, na ngozi isipovutwa sindano inaruka na mustari unakuwa nyoka. Donki mukono wako mwenyewe huwezi kujichora vizuri, usijidanganye na video. Shingo, uso, vidole, mbavu, acha. Na muchoro wa kwanza usipite kidole gumba.

Sasa hapa nitakawia kidogo. Ngozi ya juu inajivuaga yenyewe, wino ikibaki pale itaondoka nayo kisha wiki kazaa. Chini yake njo fasi ya wino, milimita 1 mpaka 2 tu. Unashika sindano imelala kidogo kama biki, unavuta ngozi, unaingiza, na kwenye kutoa unasikia kama ngozi inashikilia ncha kidogo kisha inaiachilia, ka-tap kadogo, unakasikia na kidole kuliko na sikio. Ile tap njo kipimo. Hakuna tap, uko juu sana. Damu inatoka matone-matone, uko chini sana, na ile wino itatoka pembeni ya mustari, kisha siku mbili utaona kivuli cha bluu kama mutu alimwaga chai kwenye karatasi. Ile haifutiki. Punje moja, punje ingine pembeni, kumi, pangusa kwa kugandamiza si kwa kusugua, angalia. Kisha nusu saa ngozi inavimba na unaanza kuona kama wino haijaingia, unaongeza, unaongeza. Acha! Imeingia. Fasi yenye imekosa utajaza kisha mwezi ao zaidi, ngozi ikishapona.

Na siye bangozi nyeusi, usikaze sindano juu unaona haionekani. Wino iko chini ya rangi yako, si juu yake. Chora mustari munene kidogo na uache nafasi, itaonekana. Kukaza kutakuletea kovu tu.

mtu_wa_Kadutu

Hapo kwa kovu nishuhudie. Dada yangu alitoboa sikio, tundu ndogo tu ya herini, kukaota keloidi, ile kovu inavimba, kubwa kama maharagi mbili. Kisha bado alitaka tatuaji ya bega. Tulimukataza nyumba nzima. Bega na kifua njo fasi keloidi inapendaka.

Anfirmye_wa_usiku

Niko zamu, kumetulia, niongeze yangu. Huyu wa kovu ako sahihi kabisa, mwenye ana keloidi hata moja kwenye mwili, ama mzazi wake anazo, atafute kitu kingine cha kupamba. Mwenye sukari haijatulia, mama mwenye mimba, mwenye anakunywa dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na mwenye amelewa, bote bangoje. Pombe inafanya utoke damu na inafanya uchore ujinga, sijui gani mubaya zaidi. Na mutu mwenye vipele usimuguse hata kama anasema ni jua, mpox tuliiona Kivu hii 2024, hamujasahau.

Chanjo ya epatiti B iko, dozi tatu, ya pili kisha mwezi, ya tatu kisha miezi sita ya ile ya kwanza. Batoto ba leo banaipata kwenye chanjo zao, siye bakubwa wengi hatukuipataka. Epatiti C haina chanjo. Tetanosi, kama miaka 10 imepita, rudia.

Na hii muishike: kama umechomwa na sindano ya mutu mwengine, usikae nyumbani ukisali tu. Kuko dawa za kuzuia sida, zinaanzwa ndani ya masaa 72, mapema zaidi ni bora, unazikunywa siku 28. Yenye anakuja siku ya tano naweza kumupima tu na kumushika mukono.

Nyekundu kidogo na joto siku mbili tatu, kawaida. Ikianza kutembea, ikipanuka kila asubuhi, usaha, homa, mustari mwekundu unapanda kuelekea kwapa ao kinena, kuja siku ile ile. Tena useme ukweli. Nimepokeaka batu wanasema "niligongwa na meza", na meza imeandika PRISCA.

Kijana_wa_Kwaya

Yote ni sawa lakini hamujasoma Walawi 19:28? Mwili ni hekalu.

Mchoraji_Katindo

Ndugu nimesoma, na sitabishana usiku huu. Koko yangu wa Masisi alikuwa na chale tumboni mustari kwa mustari, alichanjwa akiwa binti, na alikuwa wa kwanza kufika kanisani kila siku ya Mungu mpaka kifo. Ongea naye mukikutana.

Anfirmye aksanti sana, ile ya PRISCA imeniua.

Nimalizie kutunza. Ukimaliza ogesha na sabuni isiyo na marashi, kausha kwa kugandamiza na kitu safi, funika na kompres masaa ya kwanza. Kisha unaogesha mara mbili tatu kwa siku, na mikono safi, mafuta kidogo sana, inangae tu, isilowe. Si dawa ya meno, si majivu, si yale mafuta ya kujichubua. Vumbi yetu ya Goma njo adui, ile nyeusi ya volkano yenye inaingia mpaka kwenye meno ukiwa nyuma ya moto, vaa nguo ya pamba ya kufunika mpaka ngozi ifunge. Ziwa, wiki tatu hapana, hata kama ni jumapili na kila mutu ako ndani. Itajivua na itawasha. Usikwaruze, piga-piga na kiganja.

mudogo_Ndosho

yaya swali ya mwisho. niko na 16. ni herufi ya demu wangu na yangu. herufi moja imeisha ya pili nusu

Lushois_wa_Katuba

Mutoto, mi niko na samaki ya bure ku kifua, we unataka kuwa na demu wa mutu mwengine ku paja?

Anfirmye_wa_usiku

16 hapana, yaya wako atakuambia vile vile. Kesho asubuhi kuja nione hiyo paja, na chanjo ya tetanosi ya mwisho ulipata lini? Hiyo sindano ulitumia peke yako?

mudogo_Ndosho

peke yangu. ni ya mama ya kushonea

Mchoraji_Katindo

Mudogo, hiyo nusu herufi iache nusu. Kwa miye batu ba chini ya 18 sichori, na yule mukubwa wa Gisenyi aliniachaga nikiwa na 17 ningoje mwaka muzima nikichora machungwa tu. Ile sindano usirudishe kwenye kikopo ya mama, anaweza kujichoma akishona. Weka kwenye chupa, peleka kwa anfirmye kesho, umununulie mama ingine. Na unga umefanya?

mudogo_Ndosho

nimefanya sasa hivi na limau juu chungwa hakuna. nimehesabu fasi 11. kwenye chupa ya wino, kwenye sandali, juu ya taa, kwenye nywele, sijui nilifikaje kwenye nywele

ya 11 iko kwenye kikombe ya mudogo wangu wa miaka miwili. ilikuwa mezani

nimeenda kuosha kile kikombe